Shokapu za Gari Lisilo na Mwenyewe

Wewe unayesoma, nakutegea kabla chai yako haijapoa. Ana magoti manne, hajawahi kuyapiga kanisani, ila siku nilipompakia tangawizi aliyapiga barabarani watu wakiona. Nani huyo?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Dar sitaki, Arusha sitaki, hiyo ni ya wenye nguvu. Nipe Same. Na ukishanipa Same, nionyeshe na njia ya kutokea, maana mimi mwenyewe imenishinda.

Huyo ni gari, mjukuu wangu. Gari jekundu la Kijapani, la spoti, milango miwili tu, la vijana wa kukimbizana. Na magoti yake ndizo hizo mafundi wanaziita shokapu.

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa vitumbua hukulisoma, nitakueleza kwa ufupi. Mjukuu wangu Elinaza, niliyemlea mwenyewe, alikuja nyumbani Myamba na gari hilo kwenye kipaimara cha mdogo wake Blessing. Nikamwuliza, "Gari la nani?" Akasema, "Bibi, nipe kwanza makande." Asubuhi nikamwuliza tena. Akasema gari lina vumbi, ngoja alioshe.

Sasa kwetu gari halishuki mlimani tupu. Hata lililoleta maiti huondoka na ndizi. Kwa hiyo mimi, Mama Sadock, kwa mdomo wangu huu, niliwaambia kina mama wa kwaya walete magunia yao ya tangawizi. Tukajaza nyuma, tukajaza kiti cha nyuma, tukajaza mpaka miguuni pangu. Elinaza akashika kichwa. Nikamwambia gari si yai.

Kwenye kona za Mbaga likapiga goti la kwanza. Kona iliyofuata, la pili. Tuliingia Same tumefungwa kamba nyuma ya lori. Tangawizi ikapata usafiri mwingine ikaenda sokoni. Sisi tukabaki.

Hapo ndipo tulipoachia.

Gereji ya Fundi Asheri imezungushiwa mabati pande zote, ina geti moja. Gari letu lilikuwa limewekwa juu ya mawe, matairi yametolewa, mimi nimekalia kiti cha basi bovu chini ya turubai. Pembeni yangu Zaituni, mama wa Korogwe anayewapikia mafundi, anachochea kuni.

Asubuhi hiyo Fundi Asheri aliingia na maboksi begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Zimekuja?"

"Zimekuja. Leo unalala kwako."

Nikamwambia Zaituni asinipikie. Fundi akaingia chini ya gari. Nikasikia spana, nikasikia nyundo, kisha nikasikia kimya. Alipotoka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyetafuna kisamvu chenye mchanga.

"Fupi," akasema.

"Fupi vipi? Si ulimsomea mwenye duka wa Dar namba ya chesesi, herufi kwa herufi, kama mtoto anayesoma Zaburi?"

"Nilimsomea, mama. Na amenitumia zenyewe kabisa, za gari hili kama lilivyotoka Japani. Lakini gari lenyewe halijabaki lilivyotoka Japani."

Akanivuta mkono nikainama. Magoti yangu nayo yakalia, ila yangu hakuna duka linaloyauza.

"Tazama hizi springi. Si zake. Kuna mtu alitoa za kwake, akaweka ndefu, na shokapu ndefu za kuendana nazo. Gari limenyanyuliwa. Sasa nikifunga hizi fupi, springi inasukuma juu, shokapu inavuta chini. Watagombana njia nzima mpaka mmoja avunjike."

Zaituni akacheka. "Jamani! Gari la spoti watu hulinunua lilale barabarani kama mjusi. Huyu kalisimamisha kama mbuni?"

"Ni kwa ajili ya barabara mbaya," Elinaza akasema upesi. Alikuwa amesimama nyuma ya gari, simu mkononi.

"Limetoka wapi?" fundi akauliza.

"Mjini."

"Mjini lami tupu, kijana."

Elinaza akaangalia simu yake.

Fundi Asheri si mtu wa kushindwa mapema. Akampigia rafiki yake, akampigia na mwingine, adhuhuri akaja mtu wa pikipiki na shokapu za mtumba, zimetolewa kwenye gari la familia, ndugu wa hilihili letu. Urefu ukakubali! Nikapiga kigelegele. Kumbe nimekipiga mapema. Juu kabisa shokapu ina kitu kama kofia, ndipo inaposhikwa na bodi kwa bolti. Kofia ya ile ilikuwa na bolti tatu. Gari letu lina matundu mawili.

"Si utoboe la tatu," nikasema.

"Mama, hapo ndipo uzito wote wa gari unapokaa. Nikitoboa ovyo, mtaniita Mbaga kuja kuwazika."

"Basi tunafanyaje?"

Fundi akaketi kwenye tairi, akajifuta mikono, akatabasamu. Nilidhani Mungu amefungua mlango.

"Njia nyepesi ipo. Tuachane na hizi springi ndefu. Springi za kawaida hapa Same zinapatikana. Nafunga hizo pamoja na zile shokapu mpya za asubuhi, gari linarudi kama lilivyozaliwa. Kabla jua halijazama mnaondoka."

Nilisimama. Nilishafunga na kanga.

"Hapana," Elinaza akasema.

Sote tukamgeukia.

"Hapana nini?" fundi akauliza.

"Lazima liwe na urefu uleule. Lisipungue hata kidole."

"Kijana, likipungua kidole utakufa?"

"Uleule, fundi. Tafadhali."

Ndivyo ilivyokuwa toka tufike. Kila nikiona upenyo, mjukuu wangu anauziba mwenyewe kwa mgongo wake. Ningejua adui yangu ni nani ningempiga fimbo. Adui yangu alikuwa ndiye niliyempakata.

"Haya," fundi akasema, sasa bila tabasamu. "Basi mpigie mwenye gari. Aliyefunga springi hizi anajua alizitoa kwenye gari gani. Akinitajia jina la hilo gari tu, shokapu zake nazipata hata kesho asubuhi."

"Simpigii."

"Nipe namba, nimpigie mimi."

"Sitoi."

"Kadi ya gari iko wapi?"

"Iko kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Elinaza akaitia simu mfukoni.

Nikamsogelea. "Elinaza. Mimi ndiye ninayeuliza sasa. Gari hili la nani?"

"Bibi, umekunywa dawa ya presha?"

Ningemzaba kofi. Lakini nilikuwa kweli sijainywa.

Fundi Asheri akaniita nyuma ya mapipa ya oili. Alinong'ona kama tuko msibani.

"Mama yangu, mimi ni mtoto wa milimani kama wewe, baba yangu mtu wa Suji. Siwezi kukuvunjia heshima. Lakini kijana anataka gari lirudi vilevile kabisa. Mwenyewe asipigiwe, asijue, asitajwe. Wewe unaonaje?"

"Mjukuu wangu si mwizi."

"Sijasema ni mwizi. Nimeuliza gari la nani."

Nikafungua mdomo. Wewe unayesoma, umewahi kufungua kabati ukajua kabisa sukari ipo, ukakuta kopo tupu? Ndivyo nilivyofungua mdomo wangu.

"Mimi kuna fundi mwenzangu alitengeneza gari la wizi bila kujua," akaendelea. "Alikaa ndani mpaka ndevu zikamfika kifuani. Nina watoto, mama. Nimeshaongea na askari. Anakuja."

"Umefanya nini?"

"Akija, kijana atamjibu yeye. Mpaka hapo, geti linafungwa."

Akaenda akalifunga. Kufuli kubwa. Bati likalia hadi kwenye meno yangu.

"Na mimi je? Umenifunga na mimi?"

"Wewe mama ukitaka kutoka, nakufungulia sasa hivi. Gari la kwenu la kupitia Mbaga bado lipo stendi, linapakia. Kijana ndiye habanduki."

Kwenye mtego wenye mlango uliofungwa unajua la kufanya: unapiga kelele. Lakini huu wangu ulikuwa na mlango wazi na mtoto wangu ndani. Nikarudi kwenye kiti changu cha basi bovu, nikaketi.

Zaituni akanisogezea kikombe. "Mama Sadock, si umpigie baba yake basi? Mwanamume akisimama, hata askari hupunguza sauti. Huyo Sadock unayeitwa kwa jina lake kutwa nzima, yuko wapi?"

Watu wa mbali huuliza kama wanavyouliza bei ya nyanya.

Sadock ni kifungua mimba wangu. Alikwenda machimboni Elinaza akiwa darasa la pili na Blessing bado mgongoni kwa mama yake. Mwanzo alipiga simu. Halafu masika moja simu ikanyamaza. Wenzake walirudi, wakasema hawajui alikoelekea. Hatujamlilia msiba, hatujampokea arusi. Mtu wa namna hiyo hana sala yake kwenye kitabu cha kanisa. Nimekitafuta chote.

"Hayupo," nikamwambia Zaituni. "Niko mimi."

Nikamfuata Elinaza. Alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye ubavu wa gari, anachora mavumbini kwa bolti.

Utotoni huyu hakulala bila vitendawili. Ukimnyima anagoma kula. Nikaona nimwingilie kwa mlango anaoujua.

"Haya, nakutegea."

Hakuinua uso. "Tega, Bibi."

"Kisima changu kimejaa, maji yake nayasikia. Nikitumbukiza ndoo, inapanda kavu."

"Huyo ni mimi."

"Kumbe unajua."

"Najua, Bibi. Nimekula kiapo."

Nikakaa pale pale kwenye oili. Kumbe si wizi! Moyo ulipanda, kisha ukaanguka palepale ulipotoka, maana askari hana kifungu cha viapo.

"Ulimwapia nani?"

"Ndicho nilichoapia nisiseme."

"Ni mtu mwema huyo?"

Akafikiri. "Kwangu ni mwema."

"Mtu mwema hamwachi mtoto wa mwenzake aende mahabusu kwa ajili ya springi. Mpigie simu, mwambie umekwama."

"Nikimwambia limevunjika atakuja mwenyewe. Na hatakiwi kuja, Bibi. Sio hivi."

"Mkubwa gani huyo asiyetakiwa kuja?"

Akarudi kwenye kuchora mavumbi.

Sasa naungama kwenu, na mchungaji wangu akisoma, naye asome vizuri. Palepale nilimchukia mtu huyo. Nikamwona kabisa kichwani: tumbo kubwa, miwani ya jua, amekaa kwenye baridi ya kiyoyozi, amemtupia mjukuu wangu gari lenye mkosi na kumshona midomo. Sikuwahi kumchukia mtu hivyo, hata waliogeuza mfereji wetu wa maji.

Pikipiki ikanguruma nje. Ikazimwa. Geti likagongwa.

"Asheri! Fungua!"

Fundi akachomoa ufunguo mfukoni. Elinaza akasimama, akajipangusa suruali, akanyoosha shati kama mtu anayeitwa mbele kanisani. Akanitazama. Akasema, "Bibi, mwambie Blessing asome."

Nikageuka.

"Zaituni, hicho chungu kina nini?"

"Makande, Mama Sadock. Nikupakulie?"

"Mimina."

"Nimimine wapi?"

"Popote!"

"Hee! Makande ya mafundi wangu! Mama, hicho chungu nimetoka nacho Korogwe—"

Nikakimimina mwenyewe kwenye sinia lake. Cha moto kilikuwa, nikakishika kwa kanga. Kisha nikasimama katikati ya uwanja, nikakiinua kwa mikono miwili, mdomo wa chungu ukiangalia chini.

Zaituni aliona bibi amechanganyikiwa na chungu. Fundi Asheri, mtoto wa Suji, ufunguo wake uligandia kwenye kufuli.

Kwetu akitokea mwovu aliyejificha, asiyetajika, asiyeshikika, mzee husimama na chungu. Husema maneno yake, kisha hukivunja. Na kikishavunjika, hakiulizi njia. Kitamfuata aliyefanya, kitafuata nyumba yake, kitachukua na wasiojua lolote, mmoja mmoja, mpaka ukoo utoke uombe radhi. Kanisa lilitukataza tangu bibi zetu. Mimi ni Mlutheri, mwanakwaya wa sauti ya pili. Nikikivunja, Meza ya Bwana nitaisikilizia dirishani hadi nife.

Nilijua yote hayo. Na mikono ilikuwa juu.

"Mama," fundi akasema, sauti imekuwa ya mtoto. "Mama yangu, weka chini."

"Asheri, kuna nini humo?" askari akagonga.

"Subiri, afande! Mama, nafungua geti. Chukua kijana, nendeni. Askari nitamwambia nilikosea. Hata kazi yangu sidai. Weka chini, usivunjie kwenye uwanja wangu, nina watoto!"

Ungenisikia ungenipa tuzo ya ukaidi. Geti lile nililolililia sasa lilikuwa linanibembeleza nitoke, na mimi sikutaka tena.

"Sitoki mpaka huyo mtu naye atikiswe," nikasema. Nikainua uso. "Yeyote aliyempa mjukuu wangu gari hili, akamfunga mdomo, akamwacha asimame peke yake na aibu isiyo yake, popote alipo, amelala au ameketi, chungu hiki kimwendee. Yeye, na nyumba yake, na uko—"

"Bibi, usimalize!"

Elinaza alinirukia. Akashika mikono yangu juu kwa juu, mikono yake imejaa grisi, chungu kikaelea katikati yetu sote wawili.

"Niachie."

"Usimalize, Bibi. Kitarudi kwetu."

"Kwetu kwa nani?"

"Kwako. Kwangu. Kwa Blessing. Nakuomba, usilitaje neno la ukoo."

Nikamtazama. Alikuwa analia kama siku ile ya darasa la pili, mdomo wazi, bila sauti. Nje askari ameacha kugonga, nadhani naye alikuwa anasikiliza.

Nikauliza polepole, kama mtu anayeshuka kilima usiku wa mvua.

"Elinaza. Gari hili la nani?"

"La baba."

"Baba yupi?"

"Baba yangu. Sadock wako, Bibi. Yuko hai, yuko Morogoro, anatengeneza simu. Mwamba ulimwangukia machimboni. Mguu mmoja ulikatwa. Wa pili unakanyaga breki, ila haumsimamishi. Alichukua gari la milango miwili kwa sababu mlango wake ni mrefu, kiti cha magurudumu kinasogea mpaka ndani. Akalinyanyua mpaka kiti cha gari kikalingana na hicho chake, ili ahamie mwenyewe. Likishuka kidole kimoja, fundi, inabidi abebwe. Aliniazima nije kwenye kipaimara, na aliniapisha, Bibi, kwa sababu anasema siku atakayofika Myamba, mama yake amwone anashuka garini mwenyewe."